Maswali ya Wasomaji: Ohio State na Michigan, nani atatawala safu ya mbele?

Jumamosi tarehe 29 Novemba 2025, saa sita mchana kwa saa za Michigan, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State itaingia katika uwanja wa Michigan mjini Ann Arbor ikiwa na ushindi katika michezo yake yote 11 ya msimu huu, na itawakuta wenyeji walioshinda tisa na kupoteza miwili. Barua tulizopokea juu ya mchezo huu wa futiboli ya vyuo ni nyingi kiasi kwamba tumeamua kuutengea ukurasa mzima wa toleo hili.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa shabiki wa Ohio State tangu nilipohamia Columbus. Timu yetu haijafungwa, na wapinzani wote 11 kwa jumla wamepata pointi 84 tu dhidi yetu. Hata hivyo kila ninapoifikiria Jumamosi moyo hunienda mbio. Je, hofu hii ina msingi, au ni makovu ya miaka minne iliyopita?
— Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, ila ningependa uielekeze mahali inapostahili, yaani kwenye zile yadi mbili za uwanja ambapo safu za mbele za timu hizi mbili hugongana kila mpira unapoanzishwa. Michigan ilishinda mchezo huu mwaka 2021, 2022, 2023 na 2024, na katika michezo yote minne ndiyo iliyopata yadi nyingi zaidi kwa kukimbia na mpira. Mwaka 2021 ilikimbia yadi 297, Hassan Haskins akafunga tachidauni tano peke yake (tachidauni ni kuufikisha mpira katika eneo la goli la wapinzani), huku Ohio State ikiambulia yadi 64. Ohio State ya miaka hiyo ilikuwa na wapokeaji wa pasi ambao vyuo vingi vingewatamani, lakini kila Novemba ilisukumwa nyuma palepale katikati ya uwanja.

Mchezo ninaowaomba wasomaji wautazame upya kabla ya Jumamosi ni ule wa tarehe 30 Novemba 2024. Michigan ilikwenda Columbus ikiwa imeshinda michezo sita na kupoteza mitano, haimo katika orodha ya timu 25 bora, na wapanga dau walikuwa wameipa Ohio State nafasi ya kushinda kwa karibu pointi 20. Mlinzi hodari wa pembeni wa Michigan, Will Johnson, alikuwa majeruhi, na mpokeaji wake tegemeo, Colston Loveland, naye hakucheza. Kwotabeki wake, yaani kiongozi wa mashambulizi anayerusha pasi, Davis Warren, alirusha pasi za yadi 62 tu kwa mchezo mzima na mbili kati ya pasi zake zikanaswa. Mtu akionyeshwa takwimu hizo bila kuambiwa matokeo, atadhani Michigan ilifungwa vibaya. Michigan ilishinda 13 kwa 10.

Ilishinda kwa sababu Ohio State ilikuwa imepoteza nguzo mbili za safu yake ya mbele, Josh Simmons aliyeumia goti mwezi Oktoba dhidi ya Oregon, na Seth McLaughlin, senta wa timu (mchezaji wa katikati ya safu anayeanzisha mpira), aliyeumia mazoezini mwezi Novemba. Upande wa pili walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, vijana wawili wenye miili mikubwa na miguu myepesi, ambao miezi michache baadaye walichaguliwa katika raundi ya kwanza na timu za kulipwa, mmoja akiwa wa tano na mwingine wa 13. Ohio State iliendelea kuwapelekea mpira wanaume hao wawili kifuani, jaribio baada ya jaribio (timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10), ilhali Jeremiah Smith na Emeka Egbuka walikuwa wamesimama pembeni wakisubiri pasi. Ilikimbia mara 26 na kupata yadi 77. Michigan kwa upande wake ilimpa Kalel Mullings mpira mara 32, akapata yadi 116, na mbio yake moja ya yadi 27 mwishoni mwa mchezo ndiyo iliyomfikisha Dominic Zvada mahali pa kupiga teke la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 45.

Sasa tuje kwenye msimu huu. Graham na Grant hawapo tena. Safu ya mbele ya Ohio State imekaa pamoja kwa muda mrefu zaidi, na senta wake, Carson Hinzman, ni yuleyule aliyeingizwa kuziba pengo la McLaughlin mwaka jana, kwa hiyo anakijua kwa mwili wake kile kilichotokea siku ile. Ukitaka kuhofu, mhofie Derrick Moore, mlinzi wa mbele wa Michigan, akitokea pembeni kumtafuta kwotabeki wenu, na uhofie uwezekano kwamba makocha watajaribiwa tena kuthibitisha ubabe kwa kupita katikati hata pale ambapo njia ya pembeni iko wazi.

SWALI: Mhariri, mimi ninasomea takwimu. Wachambuzi hurudia kwamba timu inayokimbia yadi nyingi ndiyo inayoshinda mchezo huu. Je, si kweli kwamba timu inayoongoza huamua kukimbia na mpira ili kumaliza muda, na kwa hiyo yadi hizo ni matokeo ya ushindi, wala si chanzo chake?
— Mwanafunzi, Bloomington, Indiana

JIBU: Swali lako ni la maana, na nakiri kwamba nusu ya hoja unayo. Mfano ulio upande wako ni mchezo wa mwaka 2022 mjini Columbus. Takwimu zinasema Michigan ilikimbia yadi 252 na kushinda 45 kwa 23, lakini yadi 160 kati ya hizo zilitoka katika mbio mbili tu za Donovan Edwards, moja ya yadi 75 na nyingine ya yadi 85, zote katika robo ya nne, wakati Michigan ilikuwa tayari inaongoza na walinzi wa Ohio State wamejazana mbele kwa kukata tamaa. Kipindi cha kwanza cha mchezo huo Michigan haikufanikiwa kukimbia hata kidogo. Ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 20 kwa 17, na iliyoiweka hai ni pasi ndefu za J.J. McCarthy, mbili kati yake zikimfikia Cornelius Johnson kwa tachidauni za yadi 69 na 75. Anayesema mchezo ule uliamuliwa na mbio za Michigan hajautazama.

Hata hivyo hoja yako haiwezi kuueleza mchezo wa mwaka 2024. Siku ile timu zilikwenda mapumziko zikiwa 10 kwa 10, na hali ikabaki hivyo hadi dakika ya mwisho. Hakuna aliyekuwa akiongoza, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuupoteza muda kwa makusudi, lakini Michigan ilikimbia mara 42 na kupata yadi 172 dhidi ya ulinzi uliokuwa ukijua fika kwamba mpira utakimbizwa, kwa kuwa Warren hakuwa na uwezo wa kurusha. Kukimbia wakati kila mtu uwanjani anajua kwamba utakimbia, na bado ukasonga, hicho ndicho kipimo cha kweli cha safu ya mbele. Kwa hiyo usiangalie jumla ya yadi. Tenga mbio zilizofanyika wakati tofauti ya pointi ni saba au chini, halafu uhesabu ni mara ngapi mkimbiaji alipata angalau yadi nne katika jaribio la kwanza. Ukifanya hivyo utaona kwamba hoja ya safu ya mbele bado inasimama, ingawa haisimami kwa urefu ambao baadhi ya wachambuzi wanadai.

SWALI: Mwanangu anasoma Ann Arbor na ameniambukiza ushabiki wa Michigan. Kila mtu anamzungumzia Bryce Underwood. Je, kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuushinda ulinzi kama ule wa Ohio State?
— Mama wa mwanafunzi, Grand Rapids, Michigan

JIBU: Mama, tuanze na sifa zake, kwa sababu anazistahili. Underwood ni mtoto wa nyumbani, kutoka Belleville, si mbali na Ann Arbor, na alipomaliza shule ya sekondari alihesabiwa kuwa mchezaji bora kuliko wote nchini miongoni mwa waliokuwa wakiingia chuoni. Alikuwa ameahidi kwenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kabla ya kubadili uamuzi na kubaki Michigan. Mkono wake una nguvu, na miguu yake inaweza kukuokoa pale pasi inapokosa mwenyewe.

Ugumu wake umeonekana katika michezo miwili ambayo Michigan imepoteza, yote ikiwa ugenini. Tarehe 6 Septemba dhidi ya Oklahoma alikamilisha pasi tisa tu kati ya 24, na timu ikafungwa 24 kwa 13. Mwezi Oktoba wakafungwa na USC, Chuo Kikuu cha Southern California, 31 kwa 13. Wapinzani wanapofanikiwa kuzuia mbio za Michigan, Underwood hujikuta katika jaribio la tatu akihitaji yadi nane au tisa, na hapo ulinzi huwa huru kumchanganya. Ohio State ni bingwa wa mchezo huo wa kuchanganya. Kocha wake wa ulinzi, Matt Patricia, alifanya kazi miaka mingi katika ligi ya kulipwa, ana Caleb Downs nyuma kabisa, mlinzi anayesoma mchezo kama mtu aliyepewa mpango wa wapinzani asubuhi ile, na mbele yake ana Sonny Styles na Arvell Reese, ambao wanaweza kusimama kama watakaovamia halafu wakarudi nyuma kuzuia pasi, au kinyume chake. Katika mchezo wa kwanza wa msimu, Texas ilikuja Columbus ikiwa namba moja nchini na ikafungwa 14 kwa 7. Kwotabeki wa Texas, Arch Manning, alizuiwa katika jaribio la nne akiwa yadi moja tu kutoka mstari wa goli.

Kwa hiyo jibu la swali lako halimhusu Underwood peke yake. Linawahusu wanaomkimbizia mpira. Justice Haynes, aliyekuwa tegemeo tangu mwanzo wa msimu, ameumia mguu na hatarudi. Jordan Marshall, aliyechukua nafasi yake kwa kishindo, aliumia bega dhidi ya Northwestern na hakucheza dhidi ya Maryland, ambapo Bryson Kuzdzal aliinuka kutoka benchi na kufunga mara tatu. Marshall ni mzaliwa wa Ohio, amekulia futiboli ya shule za Cincinnati, na ninaamini hakuna mchezo anaoutaka kuliko huu. Akiwa mzima, Underwood atakuwa akirusha pasi katika jaribio la pili akihitaji yadi tano, na huyo atakuwa Underwood tofauti kabisa na yule aliyecheza dhidi ya Oklahoma. Asipokuwa mzima, nakuombea uvumilivu, Mama, maana itakuwa siku ndefu kwa kijana huyo.

SWALI: Nimekulia katika kandanda na futiboli ya Kimarekani naijua kidogo tu, kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wenzangu kazini wananialika kutazama mchezo huu. Nitazame nini ili nielewe nani anashinda kabla ubao haujaniambia?
— Msomaji, Minneapolis, Minnesota

JIBU: Karibu sana katika mchezo huu. Ushauri wangu ni kwamba kwa majaribio 10 ya kwanza usiufuate mpira kabisa, ingawa macho yatakuvuta huko. Mtazame senta na magadi wawili wanaosimama kushoto na kulia kwake. Mpira unapoanzishwa, tazama kofia zao: zikivuka mstari kuelekea kwa wapinzani, timu yenye mpira inatawala, zikibaki palepale au zikarudi nyuma huku wachezaji wakiwa wamesimama wima kama nguzo, ulinzi ndio unaotawala. Mchezaji aliyeinama na kuingia chini ya mabega ya mwenzake karibu kila mara humshinda, hata akiwa mwepesi kwa kilo 15.

Kisha tazama namna mkimbiaji anavyoanguka. Akiangukia mbele, maana yake aliguswa akiwa bado katika mwendo, na zile yadi moja moja za ziada ndizo zinazogeuza jaribio la tatu la yadi nne kuwa la yadi mbili. Akiangukia nyuma au akasimamishwa kifua kwa kifua, kuna mlinzi wa mbele aliyemshinda mtu wake mapema. Ukiona hivyo mara tatu mfululizo upande uleule, waambie wenzako kwamba timu hiyo italazimika kuanza kurusha pasi kabla ya mapumziko. Watakushangaa.

SWALI: Mwanangu Mhariri, nimeishi Toledo miaka mingi na nimeona michezo mingi ya timu hizi. Vijana wa siku hizi wanachambua takwimu lakini hawaitazami hali ya hewa. Mwisho wa Novemba huku ni baridi na huenda theluji ikaanguka. Je, hali ya hewa haibadilishi hesabu zote?
— Mzee wa Toledo, Ohio

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Wewe unaishi katika mji ambao majimbo haya mawili yaliugombania kwa silaha mkononi mwaka 1835, Ohio ikaupata na Michigan ikafidiwa ardhi ya kaskazini, kwa hiyo ninakujibu kwa adabu zote.

Hali ya hewa hubadilisha hesabu, na ushahidi mkubwa kuliko wote ni mchezo wa tarehe 25 Novemba 1950 mjini Columbus, uliochezwa katika dhoruba ya theluji ambayo iliufunika uwanja hata mistari isionekane. Michigan haikukamilisha pasi hata moja, haikufanikiwa hata mara moja kusogea yadi 10 ili kupata majaribio mapya, na jumla ya yadi zake zote ilikuwa 27. Ilichofanya ni kuupiga mpira mbali mara 24 na kuwasubiri Ohio State wakosee. Walikosea mara mbili: mateke yao mawili ya kuuondoa mpira yalizuiwa, la kwanza likaipa Michigan pointi mbili, la pili likadakwa na Tony Momsen katika eneo la goli kabla tu ya mapumziko. Michigan ikashinda 9 kwa 3. Vic Janowicz, aliyeifungia Ohio State pointi zake tatu kwa teke katika theluji ile, ndiye aliyepewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huo, lakini kocha wake, Wes Fesler, alijiuzulu baada ya msimu, na nafasi yake akaichukua Woody Hayes, mtu aliyejenga miaka yake yote Columbus juu ya imani kwamba mpira unasogezwa kwa miguu na mabega. Hata yeye alikuja kupigwa kwa silaha yake mwenyewe mwaka 1969, pale Bo Schembechler, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alipoiongoza Michigan katika msimu wake wa kwanza na kuifunga Ohio State, bingwa mtetezi aliyekuwa ameshinda michezo 22 mfululizo, 24 kwa 12.

Theluji, Mzee, huwadhuru zaidi wanaotegemea miguu ya wapokeaji na usahihi wa pasi, na msimu huu timu hiyo ni Ohio State. Kwotabeki wake, Julian Sayin, amekamilisha karibu pasi nne katika kila tano, kiwango ambacho ni nadra katika vyuo. Lakini upepo humsumbua mrushaji kuliko theluji nyepesi. Theluji huwachelewesha pia walinzi, kwa sababu mpokeaji anajua anakokwenda na mlinzi hajui, na anayeteleza ni yule anayelazimika kugeuka ghafla. Upepo ukitulia, sitarajii theluji peke yake imzuie Sayin.

SWALI: Jeremiah Smith na Carnell Tate hawakucheza dhidi ya Rutgers. Wasipokuwa wazima, Ohio State itabaki na nini?
— Msomaji, Dayton, Ohio

JIBU: Itabaki na Brandon Inniss, na Max Klare anayepokea pasi fupi katikati, na kijana wa mwaka wa kwanza Bo Jackson anayekimbia na mpira, pamoja na ulinzi usioruhusu zaidi ya pointi 16 katika mchezo wowote msimu huu. Iliwafunga Rutgers 42 kwa 9 bila wapokeaji hao wawili. Lakini Michigan si Rutgers, na Smith ana umuhimu usioonekana katika takwimu zake: akiwa uwanjani, walinzi wawili humwelekea, na mmoja wa hao ni mtu ambaye vinginevyo angekuja mbele kumzuia Jackson. Hata akicheza kwa nusu ya nguvu zake, mradi walinzi hawajui hivyo, ameshaifanyia kazi safu yake ya mbele.

SWALI: Mwaka jana Ohio State ilifungwa na Michigan, kisha ikachukua ubingwa wa taifa. Sasa mashindano ya mwisho yana timu 12, na hata ikifungwa Jumamosi itaingia. Je, mchezo huu bado una uzito wowote, au tunadanganyana?
— Msomaji, Cleveland, Ohio

JIBU: Una uzito, na ninalisema hili kwa moyo wote. Ni kweli kwamba baada ya kufungwa mwaka jana Ohio State iliwafunga Tennessee, Oregon, Texas na hatimaye Notre Dame 34 kwa 23 tarehe 20 Januari 2025, na kombe lile ni halali. Ni kweli pia kwamba Ohio State ya sasa haitatupwa nje ya timu 12 kwa kufungwa mara moja. Ikishinda itakwenda Indianapolis kucheza fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo ambayo timu zote mbili zimo, na Michigan ikishinda itakuwa imejijengea hoja ya kuingia katika mashindano ambayo kwa sasa iko ukingoni mwake. Hayo ni mambo ya ratiba.

Uzito wenyewe uko kwa vijana wanaocheza. Tangu mwaka 1934 kila mchezaji wa Ohio State anayeishinda Michigan hupewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, na hakuna njia nyingine ya kukipata. Wapo wanaomaliza masomo mwezi ujao wakiwa na pete ya ubingwa wa taifa na hawana kidani hicho, kwa sababu ushindi wa mwisho wa Ohio State katika mchezo huu ulikuwa mwaka 2019, wa 2020 ukafutwa kwa sababu ya Uviko-19, na minne iliyofuata wakafungwa. Waulize hao kama Jumamosi ina uzito. Kocha wao, Ryan Day, aliyewapa ubingwa wa taifa, bado anaulizwa kila mahali habari za Michigan, na mimi sioni kuwa wanaomuuliza wanamwonea. Amepewa timu ambayo majirani zake wanaipima kwanza kwa siku hii moja.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja: wakuu wa mchezo wakiendelea kuongeza idadi ya timu katika mashindano ya mwisho, watakuwa wanaila mbegu. Mchezo kama huu ulikua kwa sababu kufungwa kulikuwa na gharama.

SWALI: Mwaka jana mchezo uliisha kwa vurugu. Je, tutarajie tena?
— Msomaji, Lansing, Michigan

JIBU: Vurugu zile zilianza wachezaji wa Michigan walipojaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa Columbus, polisi wakatumia dawa ya pilipili, na Big Ten ikavitoza vyuo vyote viwili faini ya dola 100,000 kila kimoja. Ninaamini mshindi anaweza kufurahi mbele ya mashabiki wake bila kuigusa nembo ya mwenzake. Makocha wa pande zote mbili wana wajibu wa kuwaambia vijana wao hivyo kabla ya mchezo, kwa sababu baada ya filimbi ya mwisho hakuna anayesikia.

SWALI: Mhariri, acha kuzunguka. Nani atashinda, na kwa ngapi?
— Wasomaji kadhaa

JIBU: Ohio State, 24 kwa 13.

Nimefika hapo kwa njia hii. Michigan haitafunga zaidi ya tachidauni moja kwa mwendo mrefu dhidi ya ulinzi huu, kwa sababu mwendo mrefu unahitaji majaribio 10 au 12 bila kosa, na Underwood bado hajafika huko. Pointi zake nyingine zitatokana na mateke ya Zvada au na kosa la Ohio State karibu na goli lake. Robo ya kwanza itakuwa ngumu kwa wageni, kwa sababu watu zaidi ya 107,000 watakuwa wakipiga kelele kila Sayin anapotaka kutoa maelekezo, na yeye mwaka jana aliutazama mchezo huu akiwa benchi. Ninatarajia Ohio State ikose subira mapema na mpira mmoja uanguke mikononi mwa Michigan. Kisha robo ya tatu, pale mwaka jana ilipokuwa imekwama bila pointi, nadhani safu ya Hinzman itaanza kuwasogeza watu ambao hawana uzito wa Graham wala wa Grant, na mchezo utaanza kuteremka upande mmoja.

Nitaubadili utabiri huu kwa sharti moja tu. Ikitangazwa kabla ya mchezo kwamba Marshall anaanza akiwa hana tatizo la bega, na katika mara zake tano za kwanza akapata zaidi ya yadi 25, basi msizime televisheni hata kama Ohio State inaongoza kwa pointi 10, kwa sababu Michigan itakuwa na mpira mikononi robo ya nne, na walinzi wa Ohio State msimu huu bado hawajakutana na timu iliyowalazimisha kucheza wakiwa wamechoka.